UCHAMBUZI WA FASIHI: Usiiruke nukuu ya mwanzo, huenda imeshamtaja muuaji

MSOMAJI wa riwaya ya upelelezi ni mtu mwenye pupa. Anataka maiti ipatikane, mpelelezi afike, washukiwa waanze kujikanyaga. Ile mistari miwili mitatu ya mshairi wa kale au ya kitabu kitakatifu iliyochapishwa kabla ya sura ya kwanza, yeye huiruka tu, kama anavyoruka jina la mpiga chapa. Wahakiki huiita epigrafu. Nakiri kwamba hata mimi nimeiruka mara nyingi, na mara nyingine nimejuta.

Hebu tuanze nyumbani. ‘Petals of Blood’ ya Ngugi wa Thiong’o (1977) imehakikiwa sana kama riwaya ya kisiasa hadi tunasahau kwamba inaanza kama kesi ya jinai. Chui, Kimeria na Mzigo, wakurugenzi wa kiwanda cha pombe ya Theng’eta, wameteketea motoni huko Ilmorog, na Inspekta Godfrey anatafuta aliyewaua. Jina la riwaya limetoka katika shairi la Derek Walcott wa Saint Lucia, linalonukuliwa mwanzoni. Wahakiki wengi huishia hapo: ua, damu, ubepari, basi. Lakini sehemu ya kwanza inafunguliwa pia kwa maneno ya Ufunuo wa Yohana. Kwani Ufunuo unatafuta nini katika riwaya ya mwandishi anayeushuku Ukristo kiasi kile?

Jibu tunalipata mwishoni. Aliyewasha moto ni Munira, mwalimu aliyeokoka, ambaye kichwa chake kimejaa habari za kiama na moto utakasao. Godfrey anahitaji riwaya nzima kulifikia jina hilo, ilhali Ngugi alikuwa ameshamweka shahidi mlangoni.

Si kila shahidi ni mwaminifu, lakini. Mario Puzo alifungua ‘The Godfather’ (1969) kwa kauli inayohusisha utajiri mkubwa na uhalifu, akaitia jina la Balzac, Mfaransa. Kauli hiyo imerudiwa sana mitaani na kwenye hotuba. Ukirudi kwa Balzac mwenyewe, katika ‘Le Père Goriot’ (1835), unakuta jambo finyu zaidi: anazungumzia utajiri ambao chanzo chake hakionekani, si kila utajiri. Tena maneno hayo yako kinywani mwa Vautrin, mtoro wa gereza anayejaribu kumpotosha kijana. Yaani ushahidi umekatwa kipande, na jina la mhalifu aliyeutamka likafutwa likaandikwa la mwandishi. Kwa hadithi ya ukoo wa majambazi unaotaka kuheshimiwa, labda hiyo ndiyo nukuu iliyofaa hasa! Ila anayeitumia leo kama hekima ya Balzac ajue anamnukuu nani.

Mwingereza Colin Dexter, muundaji wa Inspekta Morse, aliucheza mchezo huu kuliko wengi. Alikuwa amefundisha Kilatini na Kigiriki, na alipenda mno chemshabongo za magazetini. Sura zake hutanguliwa na nukuu, na asipopata inayofaa alijitungia mwenyewe. Hata akabuni mwandishi mzima, Diogenes Small, wa kumsingizia. Wapo wanaouona huo kuwa udanganyifu. Mimi nauona kama onyo kwa msomaji anayeheshimu kila kitu chenye jina kubwa chini yake.

Katika ‘The Wench is Dead’ (1989), Morse amelazwa hospitalini na anaichunguza upya kesi ya 1859 ya mwanamke aliyepatikana mferejini, ambayo wanaume walinyongewa. Jina la riwaya limechotwa kwa Christopher Marlowe, katika ‘The Jew of Malta’. Anayeyasema maneno hayo ni Barabas, muuaji, na anayasema ili kuwapoteza njia wanaotaka kumshtaki. Anayeujua muktadha huo ataanza kujiuliza kama mwanamke wa Dexter alikufa kweli. Siendelei, nisije nikakuharibia.

Nukuu nyingine, kusema kweli, ni marashi tu: mwandishi anajipulizia Shakespeare ili riwaya ya dukani inuke usomi. Dawa yake ni rahisi. Iondoe, usome sura. Kama hakuna kilichopungua, ilikuwa pambo.

Kwetu Kiswahili kina mpelelezi wake tangu ‘Mzimu wa Watu wa Kale’ ya Muhammed Said Abdulla, babake Bwana Msa, na hazina ya kunukuu tunayo. Muyaka bin Haji alitunga kwa mafumbo katika Mombasa ya uhasama wa Wamazrui na Sultani Sayyid Said. Fumbo la namna hiyo likiwekwa juu ya sura ambamo mzee anakataa kumwambia polisi alichokiona usiku, msomaji wa Kibokoni atalisikia mapema kuliko mpelelezi aliyetumwa kutoka Nairobi.