Maneno ya Adabu na Kejeli Yake

Lalamiko lisikikalo sana siku hizi kuhusu Kiswahili ni kwamba maneno ya adabu yameoza katika simu. Mtu humwandikia mwenziwe "asante kwa ushauri wako" naye amekasirika. "Hongera sana, mheshimiwa" huandikwa chini ya habari za aliyeshindwa. "Pole" hutumwa kwa mtu asiyefikwa na msiba wowote ila amesema la kipumbavu. Walalamikaji huhitimisha kwamba zamani maneno hayo yalikuwa safi, na kwamba kejeli ni mgeni aliyeingizwa na mtandao. Rai hiyo yastahili kupimwa, kwani ikikubaliwa kama ilivyo, kila asemaye kwa kejeli atahesabiwa mvunja heshima, na kila asemaye kwa upole atahesabiwa mkweli. Yote mawili si sahihi, na la pili lina hatari zaidi.

Chamwino na nchi iliyoizunguka ni pahali pafaapo kwa upimaji huo. Ihumwa, upande huohuo, ndiko alikozaliwa mwaka 1917 Mathias Mnyampala, mwanasheria na mshairi wa Kigogo aliyeifanya lugha ya pwani kuwa yake. Chamwino ndipo ilipo Ikulu, ambayo jengo lake jipya lilizinduliwa mwaka 2023. Na magharibi yake, mjini Dodoma, ndipo Bunge limekuwa likikutana tangu miaka ya 1990. Shairi, amri na mjadala, vyote vitatu huishi kwa maneno ya heshima.

Na ianzwe kwa neno dogo. Shikamoo, kama wengi waelezavyo, asili yake ni kushika miguu ya mkubwa. Hapana aamkiaye leo ambaye huulizwa kama kweli moyoni ameishika miguu hiyo. Unyofu wa neno hili umo katika daraja: mdogo ameitoa, mkubwa ameipokea kwa marahaba, kila mmoja amekaa pake. Kwa sababu hiyohiyo kejeli yake ni nyepesi. Mtu akimpa shikamoo rika lake aliyeanza kujikweza, hakuna tusi lililotamkwa wala la kushtakiwa, lakini wote waliopo wamesikia. Hata bei ya sukari huamkiwa hivyo dukani. Kigogo nacho kina mbukwa kwa mmoja na mbukwenyi kwa wengi, na wanasiasa wageni, wasiojua neno la pili la lugha hiyo, hufungulia hotuba zao kwa mbukwenyi. Huitikiwa kwa vigelegele. Vigelegele hivyo ni vya kweli kadiri mbukwenyi yenyewe ilivyokuwa ya kweli, wala si zaidi. Wenyeji si wageni wa biashara hiyo.

Mnyampala aliandika katika zama za malumbano ya magazetini, desturi iliyokuwa imestawi tangu Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923. Humo mshairi hakuingia bila hodi. Alimsalimu mhariri, akamsifu mpinzani wake kwa jina la ustadhi au malenga, akajidhili mwenyewe kuwa ni mwanagenzi asiyejua kitu; kisha, beti chache mbele, akauma. Wasomaji walikuwa na kipimo chao: sifa zikirefuka mno, kuna jambo. Lakini yafaa kutazama kile kilichoambatana na kejeli hiyo. Mtunzi alijulikana kwa jina lake na mara nyingi kwa mji wake, na aliyejibu aliona fahari kujibu kwa bahari ileile, vina kwa vina. Kumpinga mtu kwa vina vyake ni kukiri kwamba yeye ni mtu wa kujibiwa. Hiyo ndiyo heshima, nayo ilisimama papo hapo penye kejeli, bega kwa bega.

Ngonjera ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walieneze Azimio la Arusha la 1967 kwa tungo zao. Mnyampala, aliyekuwa mstari wa mbele katika UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, aliitikia kwa utungo wa kujibizana mbele ya hadhira. Alifariki mwaka 1969, na vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA hutajwa kuwa vya 1970 na 1971. Muundo wake wajulikana kwa kila aliyesoma shule miaka ile. Mmoja hajui, au hukataa. Wa pili humweleza kwa upole. Mwishoni wa kwanza hukiri kosa, hushukuru kwa adabu nyingi, na wote huwa kitu kimoja. Kejeli haina nafasi humo. Ikijitokeza huwekwa kinywani mwa mjinga, nayo hufa kabla ya ubeti wa mwisho.

Je, shukrani ile ni nyofu? Lugha yake ni tamu, mizani yake imetimia, na haina doa la dhihaka. Lakini ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla hoja haijasemwa. Yule mshindwa hakuwa na njia ya kusema "asante" kwa namna nyingine yoyote, na neno la adabu ambalo msemaji wake hana uwezo wa kulikataa haliwezi kupimwa unyofu. Hapa ndipo ngonjera inapokuwa duni kuliko malumbano, ingawa mtunzi alikuwa mmoja na ufundi wa vina ulikuwa uleule. Kwa haki, chombo hicho kilikusudiwa darasa: watoto walikariri wakafurahi, na Kiswahili sanifu kikafika vijijini ambako vitabu vilikuwa adimu. Ila kilipotolewa darasani kikawekwa mbele ya wageni wa serikali, mtoto alifundishwa kumshukuru kiongozi kabla hajamsikia.

Bungeni Dodoma hali ni ya katikati. Kanuni zakataza lugha ya kuudhi, basi ukali wote hauna budi kuvaa kanzu. Mbunge husimama akamshukuru Mheshimiwa Spika kwa nafasi, akampongeza Mheshimiwa Waziri kwa kazi nzuri, akatumia dakika zake zilizobaki kuonyesha kwamba kazi hiyo haikufanyika, kisha akaketi kwa kusema "naunga mkono hoja." Mgeni aweza kudhani amesikia unafiki. Msikilizaji mzoefu hajali mwanzo wala mwisho, hupima katikati. Akisema kwamba "atashika shilingi", maana yake ni kwamba anatishia kuondoa shilingi moja katika mshahara wa waziri mpaka apewe maelezo, na tishio hilo lenye bei ya pipi limewahangaisha mawaziri wengi. Vivyo hivyo "taarifa". Mbunge humkatiza mwenziwe ili ampe taarifa, na mara nyingi kinachotolewa ni mkuki. Naye aliyekatizwa huulizwa kama anaipokea. Akijibu kwamba anaipokea kwa mikono miwili, huenda amekubali, huenda ameutupa mkuki ulikotoka. Tofauti na ngonjera ni kwamba hapa aweza pia kusema haipokei.

Basi ni nini hasa huoza maneno ya heshima? Historia ya Ugogo ina jibu lake. Misafara ya karne ya 19 iliyokwenda na kurudi baina ya pwani na Tabora ililazimika kupita nchi hii kavu, na watemi wake walidai hongo, yaani malipo ya kupitishwa na kupewa maji. Stanley aliyalipa huko Mvumi mwaka 1871, akanung'unika sana kitabuni mwake. Hongo ilikuwa haki ya mwenye nchi, ikidaiwa mchana kweupe. Leo neno hilo ni jina la kosa la jinai. Takrima nayo ilikuwa ukarimu kwa mgeni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ikaruhusu takrima ya wagombea kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kifungu hicho chakiuka Katiba. Neno hilo halijapona. Hapana mtu wa kejeli aliyeliharibu. Waliolivunja walilitamka kwa uso mkavu, kwa upole kamili, na baadhi yao kwa maandishi ya sheria. Wenye dhihaka walikuja baadaye, wakaliita kwa jina lake.

Likirejewa lile lalamiko la simu, kilichopungua humo si unyofu. Zimepungua ishara: sauti iliyovutwa, jicho la pembeni, kicheko cha puani, kimya kidogo kabla ya "haya". Waandikao hujitahidi kuziba pengo kwa kurefusha herufi, "asanteee", au kwa nukta iliyowekwa pale ambapo kwa kawaida haiwekwi. Jingine lililopungua ni jina. Dhihaka ya asiyejulikana, ambaye hatajibiwa kwa vina vyake wala kwa lolote, haina deni kwa mtu, na hapo walalamikaji wana haki yao. Lakini walipoilaumu kejeli badala ya kujificha, walimpiga asiye mwizi.

Ushahidi wa hilo waonekana katika makundi ya simu ya ukoo, ambamo kila mtu ana jina na cheo chake. Kijana wa mjini humjibu mjomba wake aliyeandika mawaidha marefu: "Asante kwa taarifa." Maneno matatu, yote safi. Mjomba huyasoma mara mbili. Kisha hujibu, "Marahaba," ilhali hakuamkiwa.