'Pakana', 'mkabala' na 'jirani' si neno moja

WIKI jana nikiwa Sindo, Kaunti ya Homa Bay, nilisoma tangazo lililobandikwa kwenye mlingoti wa stima: “Ploti inauzwa, mkabala na ziwa.” Nilipompigia muuzaji simu, alinihakikishia: “Inapakana na ziwa kabisa, mzee wangu.” Tulipofika, kati ya ploti hiyo na maji palikuwa na barabara, shamba la mahindi la mtu mwingine, kisha ufuo.

Sidhani muuzaji alikusudia kunidanganya. Kwake, ‘mkabala’, ‘pakana’ na ‘karibu’ ni mamoja. Je, ni kweli?

Kitenzi ‘pakana’ kina uhusiano wa karibu na nomino ‘mpaka’. Vitu viwili hupakana iwapo mpaka wa kimoja ndio mpaka wa kingine, pasipo chochote katikati. Aidha, kitenzi hiki hudai pande mbili: shamba la Otieno likipakana na la Akinyi, basi la Akinyi nalo linapakana na la Otieno. Vijana husema, “Tunashea fensi.” Usemi huo si sanifu, lakini maana wameipata vyema kuliko muuzaji wangu.

‘Mkabala’, neno lenye asili ya Kiarabu sawa na ‘kabili’, huashiria kuelekeana. Nyumba mbili zinazotazamana, barabara ikipita katikati, ziko mkabala, hazipakani. ‘Jirani’ nalo lina maana pana zaidi. Anayeishi ploti ya tatu kutoka kwangu ni jirani yangu, ingawa hatuna mpaka mmoja.

Tofauti hizi si mapambo. Nchini Kenya, kwa kawaida huwezi kushtaki kuhusu mkataba wa kuuza ardhi usipokuwa na maandishi yaliyotiwa saini. Nayo Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 62, huyaweka maziwa katika ardhi ya umma. Kwa hivyo, anayeandikiwa “inapakana na ziwa” anaahidiwa kwamba hakuna shamba la mtu litakalomzuia kufika majini. Neno likikosewa, atagundua akiwa na ndoo mkononi, amesimama mbele ya ua wa mwenzake.

Tangazo lile lingesema tu, “Ploti iko karibu na ziwa,” lingekuwa sahihi. Nami ningeenda kuiona vivyo hivyo.