Sauti Nyuma ya Sikio: Bunyan na Mawazo Asiyoyaita

Wengi wa rika langu tulimjua John Bunyan kwa kitabu kimoja tu, Safari ya Msafiri, kile cha Mkristo anayekimbia mji wake akiwa na mzigo mgongoni. Lakini kuna kitabu chake kingine, kilichotangulia, ambacho ningempa mtu yeyote anayesumbuliwa na mawazo machafu asiyoyaita. Kinaitwa Grace Abounding to the Chief of Sinners. Kilitoka mwaka 1666, Bunyan akiwa gerezani Bedford, Uingereza, kwa sababu alihubiri nje ya kanisa la serikali na akakataa kuahidi kwamba ataacha.

Kitabu hiki ni ushuhuda. Na ushuhuda sisi tunaujua: nilikuwa hivi, Bwana akanitoa, leo niko hivi, amina, mtu anakwenda kukaa. Mimi kazi yangu ni habari, na mtu akinisimulia kwa ufupi namna hiyo nimezoea kumuuliza, "Halafu?" Bunyan ndiye shahidi wa kwanza niliyemsoma anayejibu swali hilo mpaka mwisho.

Alikuwa kijana, fundi wa kuziba sufuria zilizotoboka, na ameshampenda Kristo kwa moyo wote. Hapo ndipo linamjia wazo la kumuuza Kristo. Akila chakula, lipo. Akiinama kuokota pini au akipasua kuni, lipo. Analijibu kwamba hatamuuza kamwe, hata kwa maelfu ya dunia, na mwili wake nao unaingia vitani: anasukuma hewa kwa mikono na viwiko kana kwamba kuna mtu amesimama mbele yake. Mara nyingi amekuwa tayari kujishika kidevu ili mdomo usije ukafunguka na kutamka kufuru.

Angalia wazo lilipochagua kupiga. Halikumtuma aibe ng'ombe wa jirani. Lilienda moja kwa moja kwenye kitu anachokithamini kuliko vyote. Mwanasaikolojia William James, katika kitabu chake cha mwaka 1902 kuhusu maisha ya kidini, alimtaja Bunyan kama mfano wa dhamiri iliyougua kwa kuwa nyepesi mno. Mwaka 1978, Rachman na de Silva walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wengi wasio wagonjwa nao hupitiwa na mawazo ya aina hiyo hiyo. Tofauti kubwa haimo kwenye wazo. Imo kwenye mara linazokuja, uzito tunaolipa, na namna tunavyoshindwa kuliacha lipite.

Bunyan hakuacha lipite. Asubuhi moja kitandani, amechoka kubishana, anahisi moyo wake umekubali Kristo aende zake akitaka. Basi, imekwisha. Kuanzia hapo anajiona Esau aliyeuza haki ya mzaliwa wa kwanza, yule ambaye Waraka kwa Waebrania unasema hakupata nafasi ya kutubu ingawa aliitafuta kwa machozi. Anakwenda kwa Mkristo mmoja mzee, anamweleza kwamba anaogopa ametenda dhambi isiyosameheka. Yule mzee anamjibu kwamba hata yeye anaona hivyo! Nikifika hapo huwa nafunga kitabu kidogo. Karne nne karibu zimepita na wazee wa namna hiyo bado tunao, wengine wameshika maikrofoni.

Sasa niseme kasoro. Kitabu kinachosha. Ukurasa huu amani, ukurasa ule hofu, aya ya neema inamwinua, ya Esau inamwangusha, na mchezo unaanza upya. Msomaji aliyezoea hadithi inayopanda kilima kisha ikashuka atakereka. Tena mke wake wa kwanza, aliyeingia kwenye ndoa na vitabu viwili vya dini kama mali yake, karibu anatoweka kabisa. Jina lake hatuambiwi. Mwanamume anateseka hivi miezi na miezi, na hatujui aliyelala naye chumba kimoja aliona nini. Nimemdai Bunyan sura hiyo na sijaipata.

Ila huko kuzungukazunguka nakutetea, maana ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo. Na ndani ya mzunguko huo umefichwa ukurasa ninaouona kuwa ndio moyo wa kitabu. Siku moja Bunyan anajiuliza: hizi aya mbili, ya neema na ya Esau, zikikutana moyoni kwa pamoja, ipi itashinda? Na badala ya kuikimbia ile ya kutisha kama alivyozoea, anatamani zije zote. Siku mbili tatu baadaye zinakuja kweli. Zinapambana, na ya Esau inafifia.

Hoja yangu ni hii: imani ilimsaidia Bunyan, lakini si kwa namna aliyoanza kuitumia. Alipoifanya rungu la kulipiga kila wazo, wazo liliongezeka, kwa sababu kila jibu lilikuwa ni kulikaribisha tena kwenye mazungumzo. Nafuu ilianza alipoacha likae mbele yake, na alipoona, siku nyingine akipita shambani, kwamba haki yake iko mbinguni kwa Kristo na haipandi wala kushuka kufuatana na hali ya moyo wake asubuhi ile.

Ukishajua haya, rudi kwenye Safari ya Msafiri ya mwaka 1678. Katika bonde la uvuli wa mauti, mmoja wa waovu anamnyatia Mkristo kwa nyuma na kumnong'oneza kufuru, naye maskini anadhani zimetoka akilini mwake. Mwandishi hamkemei. Anamhurumia kwa kutojua sauti inatoka wapi. Halafu Mkristo anasikia mbele gizani mtu mwingine anakariri zaburi, anafurahi: kumbe hayuko peke yake bondeni. Huyu Bunyan wa pili amempa msafiri wake kile ambacho yule mzee alimnyima yeye.

Tukimwambia ndugu yetu "kemea tu, ukiwa na imani halitarudi," tunamtwisha mzigo wa pili: likirudi, atahesabu kwamba hana imani. Aombe, ndiyo, na hospitali aende pia, hakuna ugomvi kati ya hivyo viwili. Lakini asiahidiwe ukimya ambao Bunyan mwenyewe hakuupata. Anakiri kwamba hata alipokuwa mhubiri, kufuru zilimvamia katikati ya mahubiri, na mwisho wa kitabu anaorodhesha machukizo saba ambayo bado anayaona moyoni mwake, kutoamini kukiwa la kwanza. Saba! Anayaorodhesha bila hofu, kisha anaendelea na kazi yake. Mimi ushuhuda wa namna hiyo nauamini.