Heko, Wauguzi wa Tohara

Kutoka Gisozi, kilima cha maseremala jijini Kigali, nawapa heko wauguzi wa Rwanda. Majaribio ya Kisumu (Kenya), Rakai (Uganda) na Orange Farm (Afrika Kusini) yalionyesha kuwa tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa VVU na mwanamke kwa asilimia 60 hivi. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Lakini Rwanda madaktari wa upasuaji walikuwa wachache, kazi nyingi. Wauguzi wakajifunza kutumia PrePex, pete ambayo haikuhitaji sindano ya ganzi wala nyuzi, na iliyovuliwa baada ya juma moja. Utafiti uliofanyika nchini ukathibitisha umahiri wao. Nao humkumbusha kila kijana: tohara si kinga kamili, kondomu usiiache. Mikono yenu ni ngao yetu.