Luther, Copernicus na Vitabu vya Bure: Uhakiki wa Vyanzo vya Mtandaoni vya Historia ya Sayansi na Tiba

Katika insha za wanafunzi nilizosahihisha kwa miaka kadhaa sasa, yapo madai mawili yanayorudi karibu kila muhula. La kwanza ni kwamba Martin Luther alimwita Copernicus mpumbavu. La pili ni kwamba John Calvin alimkemea yeyote athubutuye kuinua mamlaka ya Copernicus juu ya mamlaka ya Roho Mtakatifu. Wanafunzi hawa hawakuyabuni. Waliyasoma mahali, wakayanakili kwa uaminifu, na wengine wao watayatamka mimbarani kesho au darasani keshokutwa, vijana wa kipaimara wakiwasikiliza. Ndiyo maana nimeona vema kuzihakiki maktaba za mtandaoni ambazo leo ndizo mwalimu wa kwanza wa wengi wetu katika historia ya sayansi na tiba.

Chanzo cha madai yote mawili, kwa sehemu kubwa, ni Andrew Dickson White, rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, ambaye mwaka 1896 alitoa kitabu kikubwa cha juzuu mbili juu ya kile alichokiita vita baina ya sayansi na theolojia. Hakimiliki ya kitabu hicho imekwisha zamani. Kwa sababu hiyo kimo chote, bila malipo, katika Project Gutenberg na katika Internet Archive. Mtu aliye na simu na salio dogo anakipata kwa dakika chache. White alikuwa msomi, tena mwandishi hodari. Kitabu chake kinasomeka kwa raha, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Tuchukue neno la Calvin. Mwaka 1960 mwanahistoria Edward Rosen alilifuatilia hatua kwa hatua, akaona kwamba White alilipata kwa F. W. Farrar, kasisi wa Kianglikana aliyeandika mwaka 1886, naye Farrar hakutaja Calvin alilisema wapi. Katika maandiko ya Calvin halikuonekana. Jambo halikuishia hapo. Mwaka 1971 Richard Stauffer alionyesha kwamba katika hubiri moja juu ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho Calvin aliwakemea kweli watu wasemao kwamba dunia ndiyo inayozunguka, ila hakumtaja Copernicus. Basi White alikosea kuhusu maneno, na waliomsahihisha wakahitaji kusahihishwa nao. Ndivyo historia inavyoandikwa. Lakini makala ya Rosen imo katika majarida ya kitaaluma, ambayo kwa kawaida hufunguliwa na chuo kilichojiandikisha au na mtu aliyejifungulia akaunti. Kitabu cha White hakimwulizi mtu jina lake. Kosa limewekwa barabarani, nayo masahihisho yako chumbani. Sidhani kwamba kuna aliyekusudia hivyo, ila matokeo yake ni yale yale.

Habari ya Luther inatugusa zaidi sisi Walutheri. Mazungumzo yenyewe yalikuwa ya mezani, mwaka 1539, miaka minne kabla kitabu cha Copernicus hakijachapwa. Kwa hiyo yalihusu uvumi. Anton Lauterbach, aliyeandika kumbukumbu za siku ile, hana neno "mpumbavu" kamwe. Katika kumbukumbu yake Luther analalamika juu ya watu wanaotaka kuonekana werevu kwa kubuni jambo lao wenyewe, kisha anakumbusha kwamba Yoshua aliliamuru jua lisimame, wala si dunia. Neno "mpumbavu" limo katika toleo la Johannes Aurifaber la mwaka 1566. Jina la Copernicus halimo katika kumbukumbu yo yote kati ya hizo mbili. Simtetei Luther kupita kiasi: ni wazi kwamba wazo lile hakulikubali. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya mzee anayenung'unika mezani na Kanisa linalotangaza vita. Mwaka huo huo Rheticus, profesa wa hisabati wa Wittenberg, alisafiri kwenda kwa Copernicus, na mwaka 1540 akawa wa kwanza kuyatangaza mafundisho yake kwa chapa.

Jambo la kushangaza ni kwamba juzuu za toleo la Weimar zenye kumbukumbu zote mbili nazo zimo mtandaoni bure, katika Internet Archive ile ile. Sumu na dawa viko katika kabati moja. Kasoro ni kwamba dawa imeandikwa kwa Kilatini kilichochanganyika na Kijerumani cha kale, na hakuna kibandiko juu ya chupa.

Mfano mwingine unaonyesha kwamba hata picha safi ya chanzo chenyewe haitoshi. Kitabu cha Copernicus kilichochapwa Nürnberg mwaka 1543 kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na maktaba kadhaa za Ulaya. Msomaji akikifungua, anakutana kwanza na dibaji isiyo na jina, isemayo kwamba mambo haya ni makisio ya kurahisisha mahesabu na si lazima yawe kweli. Atadhani ni Copernicus anenaye. Kumbe aliyeiandika ni Andreas Osiander, mhubiri wa Kilutheri wa mji ule, na wengi hawakulijua hilo mpaka Johannes Kepler alipomtaja hadharani mwaka 1609. Mashine ya kunakili imeirudia hila ya Osiander kwa uaminifu kamili.

Kwa upande wa tiba hali ni hiyo hiyo. Wachungaji wengi wamesikia kwamba makanisa yalipinga vikali dawa ya usingizi kwa wanawake wanaojifungua, kwa sababu ya Mwanzo 3:16. James Young Simpson wa Edinburgh, aliyeanza kutumia klorofomu mwaka 1847, aliandika mwaka huo huo kijitabu cha kujibu pingamizi za kidini, akijenga hoja juu ya usingizi mzito ambao Bwana alimletea Adamu. Kijitabu kimebaki, kwa hiyo wasomaji wakahitimisha kwamba wapinzani walikuwa jeshi zima. A. D. Farr alipowatafuta wapinzani hao katika maandishi ya wakati ule, makala yake ikatoka mwaka 1983, aliona ushahidi mdogo sana wa upinzani wa namna hiyo. Simpson alikuwa amejibu zaidi ya alivyoulizwa.

Nisionekane mlalamikaji tu. Iko kazi ya mtandaoni ambayo ningependa kila mwanafunzi wa theolojia aione, nayo ni The Newton Project. Hati za Isaac Newton juu ya Biblia na mafundisho ya Kanisa zilitawanyika katika mnada wa London mwaka 1936; nyingine zimo Cambridge, nyingine Yerusalemu. Mradi huu umezinakili kwa herufi za kisasa, pamoja na maneno aliyoyafuta kwa kalamu yake, na kila hati imeelezwa ni nini na iko wapi. Msomaji anakutana na Newton aliyekana fundisho la Utatu kwa siri, hali akiendelea kuishi ndani ya Kanisa la Uingereza. Atahuzunika au atastaajabu, lakini hatadanganywa juu ya kile anachokisoma.

Mwisho nitaje picha. Chuo Kikuu cha Southern California kina hifadhi ya picha za wamisionari, na ndani yake zimo za Misheni ya Leipzig kutoka Kilimanjaro na jirani zake, ambako Walutheri hao walianza kazi mwaka 1893. Kwa historia ya zahanati na hospitali zetu ni hazina. Ila maelezo ya picha ni ya waliozipiga, kwa hiyo mara nyingi mmisionari ametajwa kwa jina, na aliyesimama kando yake ni "mgonjwa" au "msaidizi" tu. Wajukuu wa wasaidizi hao wamo katika sharika zetu. Mwanafunzi anayeitafuta mada ya tasnifu angeweza kuzichapa picha chache, akaenda nazo ibada ya Jumapili katika usharika mmoja wa kale, na baada ya ibada akawauliza wazee majina.