Ngazi, Brashi na Rangi: Usimulizi na Udhibiti wa Jamii katika Shamba la Wanyama

Makala haya yanahusu Shamba la Wanyama, riwaya fupi ya George Orwell ya mwaka 1945, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Fortunatus Kawegere mwaka 1967. Kwa kawaida imesomwa kama istiari ya Urusi baada ya mapinduzi ya 1917: nguruwe huyu ni fulani, farasi yule ni tabaka fulani. Usomaji huo si kosa, kwani ndiko mwandishi alikolenga. Hata hivyo, unashughulikia maudhui na kuipuuza fani, ilhali katika riwaya hii fani ndiyo inayotuonyesha jinsi jamii inavyodhibitiwa.

Msimulizi amesimama miongoni mwa wanyama wa kazi. Haingii katika fikra za nguruwe. Anajua wanachojua wanyama, na mara nyingi hukieleza kama wanavyokielewa wao. Tuchukue mfano wa usiku ule ambapo nguruwe msemaji anakutwa ameanguka chini ya ukuta ulioandikwa amri saba. Kando yake pana ngazi iliyovunjika, brashi na kopo la rangi nyeupe. Msimulizi anavitaja vitu hivyo, kisha anaendelea na hadithi. Siku chache baadaye mbuzi anasoma amri inayohusu pombe na kuona ina maneno asiyoyakumbuka. Wanyama wanakata shauri kwamba wao ndio waliokumbuka vibaya. Msimulizi hamshtaki mtu. Kazi ya kukumbuka anamwachia msomaji. Mbwa wa mtawala hutisha mwili, lakini ukuta ule humfanya mnyama aitilie shaka akili yake mwenyewe, na aliyefika hapo hahitaji tena kutishwa.

Nimeifundisha riwaya hii kwa wanafunzi wa Kericho na Bomet, wengi wao wakiwa watoto wa wachuma chai. Hawakuanza na Urusi. Walianza na mizani. Mmoja alisema kwamba mamaye aliujua uzito wa kikapu mgongoni, lakini kilo zilizolipwa zilikuwa zile alizoandika karani. Mwingine aliutaja ukoo wa Talai, uliohamishiwa Gwassi kwa sheria ya mwaka 1934: sheria imo katika maandishi ya serikali, na uchungu wa safari umo katika masimulizi ya wazee. Kwao, swali la nani anashika kalamu lilikuwa wazi kabla sijalifafanua.

Kwa kumalizia, hapana budi tuyatazame upya maswali yetu ya mtihani. Tukiuliza tu mhusika fulani anamwakilisha nani, mwanafunzi hukariri jibu letu na kufuta alichokiona mwenyewe katika matini. Hapo ubao wetu huwa ukuta mwingine. Riwaya ina punda awezaye kusoma sawa na nguruwe yeyote, ambaye alielewa maana ya ile ngazi, akanyamaza. Sisi tunaofundisha fasihi tujiulize kama hatufanani naye.