Nimekiona Kifua cha Mtoto Aliye Tumboni!

Jamani, nimekiona! Jana, kwa ruhusa ya mama mwenye mimba ya wiki 20, nilikaa mbele ya mashine mpya ya altrasaundi. Mtaalamu akageuza mkono kidogo tu, na moyo ukajitokeza, vyumba vyote vinne vikicheza.

Picha hiyo moja inasema mengi mno! Moyo ulio mahali pake huelekea kushoto, umeinama nyuzi kama 45, nao huchukua takriban theluthi ya kifua. Pembeni yapo mapafu, ya kijivu, yamejaa majimaji, kwani zamu yake ya kuvuta hewa haijafika. Moyo ukisukumwa kulia, kuna kilichoingia. Huenda ni ngiri ya kiwambo: msuli unaotenga kifua na tumbo umebaki na tundu, na mfuko wa chakula, ule unaoonekana kama duara jeusi, umepanda kukaa ubavuni mwa moyo.

Kisha akawasha Doppler ya rangi. Nikaruka kitini! Damu inayokuja kwenye kifaa ni nyekundu, inayokwenda zake ni bluu. Kwa rangi hizo hufichuliwa hata kipande cha pafu kisichoungana na njia ya hewa, kinacholishwa na mshipa uliochepuka moja kwa moja kutoka aota. Mashine, lakini, haitoshi bila mkono uliofunzwa: mbavu hutupa vivuli, mtoto hugeuka, na kasoro nyingine hupita bila kuonekana.

Zinazoonekana, je? Eneo la pafu hupimwa dhidi ya mzingo wa kichwa, ijulikane limedumaa kiasi gani. Katika utafiti wa TOTAL wa 2021, watoto wenye ngiri kali ya kushoto waliwekewa kiputo ndani ya bomba la hewa wakiwa bado tumboni, majimaji yakabaki ndani kuyatanua mapafu. Walionusurika hadi kuruhusiwa kutoka wodi ya uangalizi maalumu walikuwa 40%, wasiowekewa, 15%. Wengi zaidi walizaliwa kabla ya siku zao, ni kweli, lakini tazama tofauti hiyo!

Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo kimoja cha altrasaundi kabla ya wiki ya 24. Mama, ukienda, usiishie kuuliza ni wa kike au wa kiume. Uliza na kifua.